Ndiyo Isiyo na Lori

Kemunto alinipigia simu Jumatano moja saa nne asubuhi, nikiwa nachambua maharagwe kwenye ungo, na hakupoteza wakati kwa salamu. “Anti Awino, mama anauliza, unakuja kumwona au huji?” Mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua tangu mvua zianze, hali vizuri, hatoki nje, na nilikuwa nayajua yote hayo. Nikajibu kama nilivyojibu Pasaka, na kabla ya Pasaka: nitakuja, bila shaka nitakuja, lakini ngoja mvua ipungue, goti hili langu haliwezi utelezi wa Tabaka. Nyuma ya Kemunto nikasikia kicheko chembamba cha mtu asiye na pumzi nyingi, kisha sauti ninayoijua kuliko ya ndugu zangu ikasema, kwa Kiswahili ili nami nisikie: “Mwambie amekataa.” Simu ikakatwa.

Kwanza niliudhika. Mimi kukataa? Mimi niliyekula ugali wa wimbi katika nyumba ile mwaka mzima, nikafundishwa kula mboga ya chinsaga na uchungu wake wote hadi nikaanza kuidai mwenyewe? Kutoka hapa Nyamira hadi Tabaka si safari ya kuagwa, na sikuwa nimekataa kitu, nilikuwa nimesema nitakuja. Nikarudia kichwani nilivyosema, neno kwa neno, na nilipofika kwenye ile “lakini” masikio yakaniwaka moto. Mama Kemunto alikuwa amenipiga kwa fimbo yangu mwenyewe. Maneno yale nilimfundisha mimi, na aibu iliyotufikisha kwenye somo lile ilikuwa yangu pia.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa uhasibu katika chuo kidogo mjini Kisii, ghorofa ya pili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako msumeno wa chuma ulikatiza kila sentensi ya mwalimu. Hesabu hazikunisumbua. Kilichonisumbua ni karatasi ya sheria za biashara. Nilikuwa nimeshaianguka mara moja, na si kwamba sikusoma. Nilisoma mpaka nikakonda! Nilikariri kwamba mkataba unahitaji ofa, ukubali, badali ya kitu kwa kitu na nia ya kufungwa, nikayasema asubuhi nikinawa uso na jioni nikichemsha chai, na kwenye mtihani niliyaandika yote bila kosa. Swali lilipouliza ni nani alikuwa amekubaliana na nani, nilibaki naitazama karatasi. Nilijua majina ya vitu ambavyo sijawahi kuviona. Chuo kiliruhusu kurudia karatasi mara moja tu, basi.

Vyumba vya mjini vilinishinda bei, ndiyo maana nikaishia Tabaka, kwa Mama Kemunto. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono myeupe kwa unga wa jiwe hata Jumapili, na aliongoza kikundi cha wanawake saba waliofanya kazi ya mawe ya sabuni. Wanaume wa nyumba zao walichimba na kuchonga. Wao walisugua kwa msasa ndani ya beseni za maji, wakaosha, wakanakshi, wakapaka nta, na kwenda kuuza. Chumba changu kilikuwa pia stoo yao. Nililala na viboko thelathini vya mawe chini ya kitanda na foleni ya twiga kando ya ukuta, na kila nilipofungua daftari kulikuwa na vumbi laini katikati ya kurasa. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao, na upande wa pili wake ndipo walipokaa wakisugua, kwa hiyo nilisoma sheria nikisikiliza habari za wakwe, za kwaya, na za mwanamume mmoja wa Ogembo aliyeoa mara mbili siku moja. Wakinong'ona waligeukia Ekegusii. Wakitaka nisikie walirudi kwenye Kiswahili, kwa sababu mimi ni wa huko ziwani, na Kiswahili ndicho tulichokuwa nacho kati yetu. “Wewe wa samaki,” Kerubo alikuwa akiniita kupitia mbao, “umelala ama unasoma?” Kerubo alikuwa mdogo kuliko wote kwa umri na mkubwa kuliko wote kwa mdomo.

Sasa, ili mtu aelewe nilichoharibu, lazima aelewe shimo. Shimo la mawe lilikuwa la ukoo, na vikundi vinne viliingia kwa zamu. Ukipata zamu unakata jiwe kwa wiki mbili, unatoka, unasubiri hadi wengine wote wamalize, na jiwe ulilolikata ndilo utakaloishi nalo miezi hiyo yote. Kwa hiyo kabla ya kuingia shimoni lazima ujue unakata jiwe la nini. Ukichonga bakuli kubwa huwezi kuligeuza kiboko baadaye. Na barua iliyokuja kutoka kwa Mzee Natu ilitaka bakuli kubwa, za jiwe jeupe, mia tatu. Mzee Natu alikuwa na duka la vyombo mjini, kama baba yake kabla yake, na alipeleka vitu vya mawe nje ya nchi. Barua ilikuwa fupi: aina, ukubwa, bei, tarehe ya kufikisha dukani kwake, na ombi la kujibiwa ndani ya wiki moja. Hakuna aliyewahi kuwaagiza kazi ya ukubwa huo. Kwaboka, mkubwa wao kwa umri, alilia waziwazi, machozi yakapita katikati ya unga mashavuni.

Msomi wa nyumba nilikuwa mimi, kwa hiyo nikaitwa kuandika jibu. Tulikaa jikoni, chai ya maziwa mezani na ndizi za kuchemsha, nami nikashika kalamu kama mtu anayetia sahihi mambo ya serikali. “Andika tumekubali,” Mama Kemunto akasema. Nikaandika. “Sasa ongeza: lakini atume lori.” Nikamuuliza kama kweli hawawezi kuzifikisha wenyewe. Wote wakanitazama kwa huruma. “Tutazipeleka, mwanangu. Hata kwa mkokoteni tutapeleka,” akasema. “Lakini mtu akikubali papo hapo watu watasema ana njaa. Lazima uombe kitu kidogo. Ni adabu.” Na ilikuwa kweli kwamba ndivyo walivyoishi. Nilikuwa nimemwona Mama Kemunto sokoni Mosocho akipewa mkungu wa ndizi kwa bei aliyoitaka mwenyewe, na bado akasema sawa, lakini niongezee vidole viwili, muuzaji akacheka na kumwongezea, wakaagana kama dada. Kununua bila neno hilo dogo kulikuwa ufidhuli, kama kula na kuondoka bila kushukuru. Kwa hiyo niliandika kwa Kiingereza changu bora kabisa kwamba tumekubali ofa kwa furaha, lakini Mzee atatuma lori, nikaisoma kwa sauti, nikaitafsiri, na Kerubo akapiga makofi. Kesho yake niliipeleka dukani mwenyewe nikienda chuoni.

Wiki ikapita, jibu halikuja, na hakuna aliyehangaika. “Angekataa angesema,” Mama Kemunto alisema akisugua. Zamu ya shimo ilikuwa ianze Jumatatu. Wanaume walikwisha noa mashoka na kupima jiwe la bakuli.

Alhamisi ile, mwalimu wetu wa sheria, Mwalimu Onchiri, mtu mwembamba aliyevaa koti moja la kahawia muhula mzima, alivua koti hilo akalishika juu. “Awino, nakuuzia koti hili, shilingi mia mbili. Unalitaka?” Mimi nami, kwa mdomo wangu mwepesi, nikasema, “Ndiyo mwalimu, lakini ulifue kwanza.” Darasa likaangua kicheko, hata yeye akacheka. Akangoja msumeno wa chini unyamaze. “Umenunua?” Nikasema nimenunua. “Hujanunua. Umekataa. Ofa yangu ilikuwa koti hivi lilivyo. Wewe umeitupa, ukaniletea ofa yako, koti lililofuliwa, na sasa zamu ya kusema ndiyo au hapana ni yangu. Ile ya kwanza imekufa. Huwezi kuirudia kesho ukaikuta inakungoja.” Kijana mmoja wa nyuma akauliza, je, mwalimu akinyamaza tu? “Kimya si ndiyo,” Mwalimu Onchiri akasema akivaa koti lake. “Mtu halazimiki kukujibu ili asifungwe.” Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika kitu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimeiona ofa kwa macho, na niliiona ikiwa maiti, na barua iliyoiua ilikuwa na mwandiko wangu.

Nilirudi Tabaka nikiwa nimeamua kusema, na nilipofika nikakosa ujasiri. Niliingia chumbani, nikakaa kitandani juu ya viboko vyangu. Upande wa pili wa mbao walikuwa wakipanga ni nani atakayepika shimoni Jumatatu. Nikamsikia Kwaboka akisema, kwa Kiswahili, bila kujua niko: “Mungu alituletea huyu msichana. Sisi tungeandika nini?” Hapo sikuweza tena. Nilitoka nikazunguka nyumba, nikasimama mbele ya beseni zao, nikawaambia hatuna mkataba. Tulisema ndiyo, nikasema, lakini tulisema na lori, na sheria inaihesabu kama hapana. Mzee hajajibu, na kimya chake hakimfungi. Akiamua kununua kwa wengine leo hii, hatuna pa kumshika.

“Nani amekataa?” Kerubo akaruka, maji yakamwagika. “Si tuliandika tumekubali? Sheria gani hiyo isiyosikia mtu akisema ndiyo?” Mwingine akasema ndiyo maana mambo ya kusoma ni hasara. Mwingine akaniuliza kama nilipewa kitu na wale wa kikundi cha chini, wapinzani wao wa shimoni. Hilo liliniuma, na nililia pale pale, nikiwaomba msamaha, kwa sababu wao walifuata adabu yao, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari. Mama Kemunto aliendelea kusugua. Alipozungumza hakunitazama kwa hasira. “Ile ofa yake imekufa, nimesikia. Hii yetu ya lori, iko hai?” Nikasema iko hai hadi aikatae au aikubali. “Na sisi tunaweza kumpa nyingine?” Tunaweza, nikasema. Tunaweza kumpa ileile yake, bila lori, kama ofa yetu sisi. Ila hatalazimika kuikubali. Akatumbukiza jiwe kwenye maji, akalitoa. “Basi Jumamosi tunaenda. Wewe utakaa karibu nami, na nikikosea unikanyage mguu.”

Duka la Mzee Natu lilinukia ubani na karatasi za kufungia vyombo. Alikuwa mzee mnene mwenye miwani kifuani, na Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko changu kwa mbali. Aliagiza chai kabla hatujaketi. “Barua yenu niliisoma,” akasema. “Mnataka lori. Lori sina, nikajua hamtaki kazi. Jumatatu nakutana na watu wengine.” Jumatatu! Siku ile ile wanaume wangekuwa shimoni wakikata jiwe la mtu ambaye hakuwa mnunuzi wetu. Nikaweka kikombe chini. Nilimwambia kwamba barua ile iliondoa ofa yake, tunalijua hilo, na leo tumekuja na ofa yetu: masharti yake yote ya kwanza, kila moja, na tutazifikisha sisi.

Mzee Natu akavaa miwani, akanitazama juu hadi chini. Kisha akachukua bakuli la mfano tulilobeba, akaligeuza, akaligonga kwa ukucha. “Nakubali,” akasema. Mama Kemunto akafumba macho. “Lakini mia moja kati ya hizo ziwe na kifuniko. Bei ya kifuniko nitaongeza hii,” akaandika kwenye karatasi na kuisukuma mbele. Mama Kemunto alifungua macho na mdomo pamoja. “Sawa, lakini—” Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu, masikini, na alikuwa amevaa sandali. “Mzee,” nikasema, “hapo hujakubali. Umetupa ofa mpya. Sasa ni sisi tunaopaswa kusema ndiyo au hapana.” Mzee akacheka hadi karani wake akachungulia kutoka stoo. “Nani amekufundisha huyu?” akamuuliza Mama Kemunto. “Anasoma,” akajibu, kwa fahari niliyokuwa sistahili.

Mama Kemunto alinivuta pembeni karibu na sufuria za kuuza. Alitaka kuomba siku chache zaidi, alininong'oneza, si kwamba wanazihitaji sana, ni ile adabu tu. Nikamuuliza: bila hizo siku, kazi inawezekana? Akahesabu kwa vidole. Vifuniko vingetoka kwenye vipande vinavyobaki bakuli zikikatwa, vipande ambavyo siku zote waliviacha shimoni. Inawezekana, akasema. Tena ni vizuri. Basi sema ndiyo peke yake, nikamwambia, na usiongeze. Akanitazama kama nimemwambia avue kitambaa cha kichwa mbele za watu. Lakini alirudi, akakaa wima, akamtazama Mzee Natu usoni. “Ndiyo,” akasema, na papo hapo akaweka kiganja juu ya mdomo na kukishikilia hapo. Mzee alingoja. Karani akangoja. Miaka yote aliyofanya biashara na watu wa Tabaka, nadhani Mzee hakuwahi kusikia sentensi ikiishia hapo. “Lakini?” akauliza mwenyewe, polepole. Mama Kemunto akatikisa kichwa, kiganja bado mdomoni, machozi yakimlengalenga kwa juhudi. Mzee akavuta kitabu chenye karatasi ya kaboni, akaandika yote tuliyosema, wakatia sahihi wote wawili, na nakala ya samawati nikaikunja mimi kwenye daftari langu la sheria.

Jumatatu wakaingia shimoni. Miezi ile niliyosubiri mtihani nilisoma nikiwa na msasa mkononi, miguu pande mbili za beseni, nikisema maneno kwa sauti na wao wakiyageuza kuwa yao. Badali walielewa upesi kuliko mimi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa kitu bila kutaka kitu. Nia ndiyo iliyowachekesha. Kerubo alikuwa akisema atanioza kwa kaka yake, kisha akimwaga maji ya jiwe anaongeza, “Huo ni mzaha, Awino, hauna nia ya kufungwa, usinipeleke kortini.” Jiwe likiwa limelowa linaonyesha rangi zake zote, mistari ya kahawia na ya waridi ndani ya weupe, na nilikuwa nikisahau kusoma kwa kulitazama. Bakuli zilifika mjini siku tatu kabla ya tarehe, kwa mkokoteni na mgongoni, na Mzee Natu hakupata la kulalamikia ijapokuwa alijaribu. Kwenye mtihani waliuliza mtu anayesema “nimekubali, lakini” amefanya nini. Niliandika kurasa mbili, na ilibidi nikate mahali nilipoanza kueleza jinsi ya kukata vifuniko. Nilipita. Kazi niliipata huku Nyamira, katika ofisi za kiwanda cha majani chai, nikaizeekea hadi kustaafu, na katika miaka hiyo yote mikataba iliyopita mezani kwangu niliisoma kwanza nikitafuta lori limefichwa wapi.

Na bado mimi huyo huyo nimekuwa nikimjibu mwanamke yule hivi tangu mwaka uanze. Nitakuja, lakini mvua. Nitakuja, lakini goti. Nitakuja, lakini kuna mkutano wa kina mama kanisani. Kila mara nilikata simu nikijiona mtu mwema aliyekubali, na yeye, kitandani na kifua chake kilichojaa unga wa miaka mingi, alizihesabu kama zilivyokuwa: hapana. Kweli ni kwamba naogopa. Naogopa kumkuta amepungua. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya mvua na ndani ya goti, na lingeweza kunichelewesha mpaka kusiwe na mtu wa kumjibu.

Nikapiga simu. Aliipokea mwenyewe. “Mama,” nikasema, “ile ofa yako bado ipo?”

“Ilikufa,” akasema. Akakohoa, nikangoja. “Umeiua wewe.”

“Basi mimi natoa yangu. Nakuja leo. Nitalala kile chumba changu, na nitakaa hadi unifukuze.”

Kukawa kimya, na najua kimya si jibu, kwa hiyo sikupumua. Nilisikia jogoo wao, na maji yakimiminwa kwenye beseni mahali fulani karibu naye.

“Ndiyo,” akasema.

Nikangoja aongeze. Nilingoja anitume mkate, sukari, dawa ya kifua kutoka mjini, neno lolote dogo la adabu. Hakuongeza kitu. Nikauacha ungo na maharagwe yake mezani, nikaenda kutafuta viatu.